Ombi la Mhuri wa Kuthibitisha Kwamba Kwenda Unguja kwa Ndege si Safari

Temeke, nyumba ya tatu kutoka kisimani
Jumanne, 17 Julai 1956

Bwana Meneja wa ndege ziendazo Unguja,

Naanza na salamu, maana sijaja kugombana. Kama wewe mzima, nyumbani wazima, na ndege zako nazo zimelala salama, basi tuendelee. Mie ni Felicitas, mke wa Revelian, karani wa duka la Bwana Taiyeb. Shule nilikaa miaka miwili tu, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iamshe.

Bwana Taiyeb anapenda karata. Kila Jumamosi anapanda ndege yako kwenda Unguja, kwenye ile klabu ya kamari, na anamchukua Revelian amkalie pembeni, anasema mume wangu ana nyota. Tikiti analipa yeye. Hapo sina neno. Manung'uniko yangu ni haya:

1. Ndege yako inafika upesi mno. Jumamosi iliyopita Revelian kaondoka, mie nikakaa na jirani yangu Hamisa tunachambua mchele, namweleza ya harusi ya Bernadeta. Hata kwa bwana harusi sijafika, Hamisa kanikata: "Shoga, mumeo saa hizi keshashuka Unguja." Dakika ishirini! Mie Kariakoo kwa miguu nachukua saa nzima na zaidi, na nikirudi hakuna anayenipa pole.

2. Yeye pole anaitaka. Jioni akirudi anakaa kitini, anavua viatu, anajipepea na kofia, kimya. Nikimuuliza kulikoni, ananiambia, "Mama Adela, mie msafiri." Nawe unajua, Bwana, msafiri akirudi hapewi mchicha. Ni maji ya moto na kuku. Safari kumi, kuku kumi. Kabaki koo mmoja, anaatamia mayai tisa, na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Nikipita banda lake natazama pembeni kwa aibu.

3. Msafiri wa kweli hurudi na habari. Kina Hamisa wanakuja, wanajaa mkekani, wanamuuliza habari za Unguja. "Nzuri." Basi! Kutwa kakaa chumbani kashikilia kofia ya Bwana Taiyeb, atajua nini? Karafuu yenyewe hajainusa. Zawadi hamna, hata chungwa.

4. Ugonjwa unaenea. Nikodemu fundi cherehani alikwenda kiwanjani kusindikiza tu, akaiona ndege inaruka, akarudi kwake naye anataka pole. Mkewe kamchemshia yai. Jana mume wa Mwanakombo katoka Ilala kwa baiskeli, kavua viatu, kanyamaza. Tunakwenda wapi, Bwana? Mwisho mwanamume atatoka msalani tumchinjie mbuzi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama ndege izunguke: ipite Bagamoyo, ikasalimie Tanga, ishuke Unguja saa kumi, abiria wachoke vizuri, nami nitachinja kwa moyo mweupe. Ama, kama mafuta ni shida, nipe karatasi iseme: ASIYEFIKISHA SAA MOJA NJIANI SI MSAFIRI. Iwe na mhuri. Revelian ni karani. Mie naweza kusema mpaka sauti inikauke, lakini mhuri ukimwambia kaa, anakaa. Ije kabla ya Jumamosi, nakuomba sana.

Nisalimie rubani, na yule anayepunga bendera kiwanjani, na anayetia mafuta, na mama watoto. Mama yako kama yu hai, mwambie Felicitas anampa shikamoo.

Ni mie mwenye kuku mmoja,
Felicitas wa Revelian

Nyongeza. Leo Jumapili, barua ningali nayo, nilikosa stempu. Jana Bwana Taiyeb kaja hapa, kasema nyota ya Revelian imefifia, na mkewe Gulbahar kamshauri ajaribu ya kwangu. Basi nimepanda. Bwana wee! Ile ni safari! Masikio yaliziba, roho ilibaki Temeke, bahari nzima chini ya viatu vyangu. Niliporudi nilikaa kitini, kimya. Revelian akanitazama, nikamtazama, akaenda mwenyewe kumkamata koo. Mayai tumempa Hamisa, kuku wake naye anaatamia. Ule mhuri usiugonge. Jumamosi nasafiri tena, na Revelian tangu asubuhi yuko sokoni anaulizia kuku.