Taa Nyekundu ya Chaneli ya Kumi

Jumatatu, 7 Februari 1994

Wamenipa kamera namba mbili na kunikataza kuigusa. Jioni nzima nimesimama nyuma yake, wakubwa wa mji wakibishana kuhusu mabomba ya maji machafu. Mmoja akalala. Kamera yangu ikamwonyesha yeye tu mpaka mwisho wa mkutano. Mama Bernadine, msimamizi wa stesheni ya televisheni, akaniambia, "Afadhali, Lyle, picha haikutikisika."

Sheria ya stesheni ya mji ni hivi. Yeyote anaweza kupata kipindi chake, bure, ila kwanza asaidie kwenye vipindi vya wenzake, na asiuze kitu hewani. Mimi sina cha kuuza. Nina Arlys. Yaani sina Arlys. Ndiyo shida yenyewe.

Arlys yuko duka la kufulia nguo, ng'ambo ya barabara. Televisheni ya pale kitufe kimekatika, imeganda chaneli ya kumi. Kutwa anatutazama sisi, atake asitake. Nikienda kufua nasema "baridi," naye anasema "baridi kweli." Basi. Mashati yangu yamepauka kwa kufuliwa bure.

Sasa dada yake anamwita aende mji wa Duluth. Kuna kazi. Basi lake linaondoka Jumapili. Leo amewaambia wateja kwamba anaondoka, labda apate sababu ya kubaki. Wakacheka. Mimi nikaangalia mashine ikizunguka.

Mpango: nipate kipindi, anione, nimpe sababu.

Kabla sijaondoka Mama Bernadine kanifundisha maiki. Ina kitufe, kitufe kina taa ndogo. Akasema, "Taa nyekundu, kimya. Umeelewa, mwanangu?" Nimeelewa. Ikiwa nyekundu, maiki iko kimya. Kama taa za barabarani. Hata mimi niliyeacha shule mapema naelewa hilo.

Jumanne, 8 Februari

Saa nzuri zote za vipindi kashika Duane Hruska. Duane anafundisha watu kukausha samaki na kuwajaza pamba ili watundikwe ukutani. Ana mashabiki! Akaniuliza mbele ya watu, "Na wewe Lyle utaonyesha nini? Sahani?" Kwa sababu naosha vyombo kwenye mgahawa wa Schatz. Wakacheka tena. Mji huu unapenda kucheka.

Mama Bernadine akasema usimjali, wewe fanya mazoezi, studio iko tupu mchana, hewani yatakuwa matangazo ya mji tu. Yale maandishi yanayopita: bingo, paka aliyepotea, barabara ipi imefagiliwa theluji.

Nikaingia. Nikabonyeza kitufe mpaka taa ikawa nyekundu, kwa usalama. Nikakaa. Halafu, sijui ilikuwaje, nikasema yote. Kwamba nimemwona Arlys akikunja mashuka ya watu huku anaimba puani. Kwamba soksi zilizopoteza wenzao hazitupi, anaziweka kwenye kikapu na kila siku anajaribu kuzioanisha. Kwamba akienda Duluth sitakuwa na sababu ya kuchafuka tena.

Nilisema vizuri! Pasipo kukwama! Pole yangu, hakuna aliyesikia.

Jumatano, 9 Februari

Wamesikia wote.

Mji mzima. Matangazo yalikuwa yanapita kwenye kioo, na sauti yangu chini yake. Nilitaka kuingia ndani ya jokofu la Schatz nijifungie.

Halafu likaja baya zaidi. Jina langu sikulitaja. Na tangazo lililokuwa kwenye kioo wakati ule lilisema "Duane Hruska na Samaki Wake, Alhamisi." Mpishi wetu anapiga sufuria kwa kijiko: "Mlimsikia Duane jana? Kumbe jitu lile lina moyo!"

Mama Bernadine anajua. Akaniita pembeni. Akauliza, taa ilikuwa nyekundu? Nikasema ndiyo. Nilikwambiaje? Nikasema kimya. "Sasa mbona hukukaa kimya?" Swali la ajabu. Nilikuwa peke yangu, nimnyamazie nani? Lakini sikutaka kubishana na mtu mzima. Nadhani balbu ni mbovu, naye anaona aibu kukiri. Hata hivyo hakunifukuza. Alisema stesheni ni ya wananchi, na mimi, kwa bahati mbaya, ni mwananchi.

Jioni nikapeleka shati dukani. Nililimwagia mchuzi kwanza. Arlys anawagawia wateja saladi ya viazi, ya kuagana. Ina zabibu kavu. Kwenye viazi! Nikasema tamu. Akafurahi, akanijazia bakuli. Halafu akainama karibu, akauliza, "Lyle, we unamjua Duane. Maneno yale yanaweza kutoka kwake kweli?"

Hapo hapo. Mlango uko wazi, wateja wameshatoka, mashine zimenyamaza.

Nikasema, "Baridi."

Bakuli nimempa mbwa wa Schatz. Kala viazi, zabibu kaziacha.

Ijumaa, 11 Februari

Samaki wa kukaanga ukumbi wa kanisa, kama kila Ijumaa. Nilikuwa nabeba sinia. Duane kaja na Arlys! Kavaa tai yenye picha ya samaki. Anapokea pongezi kama bwana harusi. Hakukana hata mara moja, mshenzi yule.

Nikapanga kusafisha meza ya jirani. Niliisafisha sana. Arlys akamwambia, hebu rudia yale ya soksi. Duane akasema, "Soksi gani?" Akamkumbusha, za kwenye kikapu. Duane akafikiri. Akasema soksi si mbaya, pamba ikiisha unaweza kumjazia samaki soksi, ila za sufu.

Arlys akainuka, akachukua koti lake, akatoka. Duane akabaki anamalizia samaki wake, kisha wa Arlys.

Furaha ilinishika mpaka sinia likanitoka. Kabichi yote ikamwagikia padri.

Jumamosi, 12 Februari

Asubuhi nimewasha chaneli ya kumi. Bingo. Paka amepatikana. Halafu hili: "Uliyesema Jumanne, najua si Duane. Basi langu ni kesho. Niko dukani mpaka saa kumi na moja leo. Ukinyamaza, nitajua ulikuwa mchezo tu. Arlys."

Nimelisoma kila lilipozunguka. Mpishi kasema huyo mwanamume asipotokea leo ni mjinga wa kupewa kombe. Nikasema kweli.

Kuvuka barabara tu, jamani. Nimevuka nusu. Gari la kufagia theluji likanipigia honi, nikarudi.

Tatizo nimeligundua. Mimi nikiogopa, huwa linatoka neno la mwisho nililofikiria. Nikisimama mbele yake na mabaya bado yamejaa kichwani, yatatoka hayo. Kwa hiyo kwanza niyatoe. Yote, kwa sauti, mahali ambapo hakuna wa kusikia. Kwamba saladi yake mbwa mwenyewe kaichambua. Kwamba mchuzi kwenye mashati ninaumwaga kwa makusudi, na wiki moja nilipeleka nguo za Schatz. Kwamba akiimba puani anakosea wimbo, kila siku palepale. Nikishakuwa mtupu, navuka, na kitakachobaki kutoka ni kile kizuri.

Mama Bernadine ameshaweka balbu mpya kwenye maiki. Nilimuuliza kama sasa iko sawa. Akasema, "Lyle, mwanangu, kwa mara ya mwisho. Nyekundu?" Nikasema kimya. Akasema Mungu akubariki, akaenda kwenye bingo.

Kwa hiyo tumeelewana.

Naacha hapa, lazima niende. Saa kumi imeshapita, Arlys anafunga saa kumi na moja, na studio iko tupu. Taa nitaiwasha nyekundu kabisa, kisha niseme kwa nguvu.