Jaketi la Mwaka Jana, Nusu Bei

Jumamosi, 11 Januari 2025

Baridi. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi. Mashine ya kufulia imekufa tena. Miska kaja, kama kila Jumamosi, treni mbili kutoka Stratford mpaka kwangu Hounslow. Ana miaka kumi na minne na bado anakuja kwa baba yake! Tumekula chipsi kwa kuku, kisha tukaenda kukaa kwenye majani karibu na uwanja wa ndege, kubahatisha ndege inayotua ni ya shirika gani. Kanishinda kumi na moja kwa nne. Mimi ndiye ninayefanya kazi uwanjani humo. Aibu.

Halafu ikaja habari. Shule yao inakwenda Ufaransa likizo ya Februari, kwenye theluji. Ski, zile mbao ndefu za kutelezea! Mjukuu wa watu wa Wete, Pemba, juu ya ski! Nikauliza nani kalipa. Akasema kalipa Uncle Sultan, zamani. Sultan ni mume wa sasa wa Hayat, mama yake Miska. Ana duka la simu. Kitu cha mwaka jana hakishiki, kinamwasha mikono. Miska akaniambia kwa Kiingereza chake, "It's fine, Baba," nisijali.

Nisijali! Nikatangaza papo hapo: vifaa vyote vya ski juu yangu. Akanitazama. Akauliza kama nina hakika. Akanipa barua ya shule, kurasa mbili. Nimesoma wa kwanza. Wa pili unaonekana ni maelezo tu.

Jumatatu, 13 Januari

Mapumziko. Nimekwenda duka la vifaa vya ski. Muuzaji ni binti mmoja anaitwa Pramila, mpole. Nikamwambia nina uzoefu wa ski miaka kumi na moja. Si uongo. Miaka kumi na moja nazipakia kwenye ndege. Nazijua kwa uzito, kwa mifuko yake, kwa matusi ya wenyewe zikipotea. Kuvaa sijavaa. Lakini madaktari wanaume wanazalisha kila siku na hakuna aliyewauliza wamezaa mara ngapi.

Jaketi la mwaka huu: nilidhani bei ni nambari ya simu ya duka. Pramila akaona rangi imenitoka. Akanipeleka nyuma, kwenye nguo za msimu uliopita. Nusu bei! Nyingine chini ya nusu! Na akasema kweli, Mungu ambariki. Jaketi ni lile lile, kitambaa kile kile. Wamebadilisha rangi ya zipu tu, mwaka jana ya njano, mwaka huu ya kijani. Watu wanalipa mara mbili kwa ajili ya zipu.

Kasoro moja. Saizi zilizobaki ni za watoto wachanga na za majitu. Pramila akasema mwaka si kitu, saizi ndiyo kila kitu, hasa mabuti, maana buti la ski lazima lishike mguu barabara. Binti huyu hana mtoto. Kwetu mtoto hanunuliwi saizi yake, hununuliwa saizi ya mwaka keshokutwa. Mimi viatu vyangu vya Idi vilijazwa magazeti mpaka siku viliponikaa sawasawa, na wiki ile ile vikapasuka. Nikamwambia aniwekee jaketi kubwa, suruali kubwa, mabuti yanayozidi namba yake kwa mbili, na ski zenyewe. Atakulia humo.

Pramila akaandika jina langu.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwona Njeri, anayepanga zamu zetu. Mkikuyu. Hacheki kabla ya saa nne. Nimeomba kazi za ziada. Akasema ziko, "lakini ni za Saturday tu, Mzee Muhiddin. Hizo hakuna mtu anataka. Watu wako na familia." Nikamwambia anipe zote nne mpaka safari. Akauliza si ndiyo siku ya msichana wangu. Nikamwambia ndiyo maana nazitaka. Akaandika.

Nimempigia Miska. Jumamosi nne baba ana kazi, halafu tutarudi kama kawaida. Kasema okay. Mtoto mwelewa sana, hana makuu hata kidogo. Nimefurahi.

Jumamosi, 18 Januari

Kazi. Mvua. Mgongo. Mifuko ya ski zaidi ya mia mbili, yote ya matajiri. Mchana Miska kanitumia picha ya ndege juu ya Stratford, kauliza ya shirika gani. Nilikuwa nimebeba. Nilipotazama simu saa tatu zilikuwa zimepita. Nikajibu. Akasema keshaangalia mwenyewe.

Jumamosi zijazo niweke simu mfuko wa juu.

Ijumaa, 24 Januari

Vifaa vimefika nyumbani! Na mimi nimefika, kwa shida. Ski zinanipita kichwa. Zilikwama kwenye lango la stesheni, mimi huku, ncha zake kule, foleni nyuma yangu ikiguna. Bibi mmoja akaniuliza theluji imeanguka mtaa gani. Basi likasimama, dereva akanitazama tangu mguu mpaka ncha ya ski, akafunga mlango, akaenda zake. Nimetembea maili mbili mvuani nimevaa jaketi la Miska. Linanienea vizuri sana. Hilo likanitia wasiwasi kidogo.

Chumbani ski hazisimami. Zimelala kitandani. Mimi nitalala pembeni yake.

Sasa zipu. Sultan akiiona ya njano atajua tu, kwa macho yake yale. Nimenunua kalamu ya wino mzito ya buluu. Njano na buluu ni kijani, tulifundishwa darasa la tatu. Nimepaka zipu nzima, jino kwa jino. Imetoka rangi ya mchicha uliolala. Ukiwa mbali huoni tofauti.

Alhamisi, 30 Januari

Hayat kapiga simu. Alipoanza na "Muhiddin, samahani, nisikilize kwanza," nikajua kuna balaa. Kumbe ski, mabuti na helmeti vimo ndani ya malipo ya safari! Kila mtoto atapimwa huko huko Ufaransa. Kinachotakiwa ni nguo tu. Yote yameandikwa ukurasa wa pili.

Nimeutafuta ukurasa wa pili. Uko chini ya kikaango. Nusu ya juu imelowa mafuta, unaisoma mbele na nyuma. Habari ya ski kweli imo. Nusu ya chini imegandana na kikaango, nimeikwangua kwa kisu.

Nimempigia Pramila. Mali ya punguzo hairudi. Alisikitika kwa dhati, na hilo likanikera zaidi. Nimetangaza ski na mabuti mtandaoni: mpya, hazijaguswa na theluji. Kajibu mtu mmoja. Kauliza kama nitampa zote bure akija kuzichukua.

Hayat alisema pia kwamba Miska anakaa dirishani Jumamosi. Sijui alikuwa na maana gani. Dirisha lao linatazama barabara kuu, kuna mengi ya kuona.

Jumapili, 9 Februari

Nimepeleka nguo Stratford. Kafungua Sultan mwenyewe. "Karibu, kaka Muhiddin, ingia ndani, nje baridi." Adabu yake huyu mtu! Ningependa anitukane hata mara moja, tukae sawa.

Kwenye kochi kulikuwa na jaketi jingine. Zipu ya kijani, kijani cha kweli. La mwaka huu. Saizi ya Miska hasa, kampima. Nikajifanya sikuliona. Nikatoa langu. Sultan akaitazama zipu. Akaitazama kwa karibu. Akasema, "Zuri, kaka," akaenda kutia chai.

Miska akalivaa. Akapotea. Mikono haikuonekana, ukosi ulifika puani. Hayat akageuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Lakini Miska alitoa uso nje na kusema kwamba lina joto. "It's really warm, Baba." Nikamwambia jaketi ni lile lile na la mwaka huu, kiwanda kimoja. Akasema anajua.

Aliponisindikiza mlangoni akaniuliza kitu kimoja tu. Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, wanaondoka shuleni. Je, nitakuja kumuaga? Nikasema bila shaka. Akanikumbatia na jaketi lote.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepata fikra nzuri kuliko zote za mwaka huu!

Niende shuleni, nikasimame kando ya gari la Sultan nikitetemeka? Kwa nini, na mimi niko uwanjani? Watoto lazima wapande ndege, na ndege za Ufaransa tunapakia sisi. Nitamuagia chini ya ndege! Baba pekee atakayekuwepo. Atachungulia dirishani na kuniona nampungia. Sultan hawezi kununua kitu kama hicho, si kipya wala cha mwaka jana.

Na kwa kuwa nitakuwa kazini, Njeri kanipa Jumamosi ya tano. Hiyo itafidia miwani ya theluji niliyoipitia jana kwa Pramila, ya msimu uliopita, punguzo la sabini! Nitaitia kwenye begi lake mwenyewe.

Sikumwambia. Itakuwa ghafla.

Jumamosi, 15 Februari

Ndege ya kwanza ya Ufaransa, nimepunga. Ya pili, nimepunga. Ya tatu, nimepunga na miwani mkononi. Mzungu mmoja mzee akanipungia na yeye. Begi la Miska sikuliona. Njeri kapita, kauliza kama nina homa.

Saa nne simu ikalia. Miska. Nyuma yake upepo na makelele ya watoto. Nikamuuliza yuko lango gani. Akasema yuko kwenye feri, nusu ya njia ya Ufaransa. Wanakwenda kwa basi. Kwa basi tangu shuleni! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema imo kwenye barua, ukurasa wa pili, chini.

Akasema basi lilichelewa dakika kumi. Mwalimu aliwaita, yeye akaomba wangoje kidogo kwa sababu baba yake yuko njiani. Wakangoja. Hayat alinipigia simu mara sita, simu yangu ilikuwa mfuko wa chini.

Hakulia. Ningependa angelia. Akasema, "Don't worry, Baba, you're working," na mtandao ukakatika.

Nilipakia mizigo mpaka jioni. Sikumbuki ya ndege zipi. Miwani ninayo bado.

Jumatano, 19 Februari

Hayat kanitumia picha. Mlima, jua, watoto kama thelathini. Na Miska yumo ndani ya jaketi LANGU! Mikono kakunja mara tatu. Lile la Sultan kamwazima rafiki yake Zahra, ambaye mama yake hakuweza kununua lolote. Ushindi! Nimemwonyesha Njeri. Nimewaonyesha watu wawili foleni ya chai nisiowajua.

Hayat kaandika chini ya picha: mwulize mtoto kwa nini shingo yake ya buluu. Nimeikuza picha. Kweli. Kuanzia sikio mpaka kidevu. Theluji imeyeyusha wino. Miska kamwambia mama yake asinieleze, nitaona vibaya.

Nimeona vibaya. Lakini kalivaa!

Jumapili, 23 Februari

Karudi salama. Nimempigia mapema. Sauti imekuwa kubwa kidogo, sijui ni mafua. Alianguka mara nyingi, akafurahi sana, anataka kwenda tena mwakani. Nikamwambia habari njema: kazi za Jumamosi zimekwisha, treni zinamngoja, chipsi zinamngoja.

Akaniambia taratibu, kama mtu anayeteremsha kitu cha kuvunjika. Kaanza kuogelea na klabu. Jumamosi. Alijiandikisha mwezi uliopita, kwa sababu alikuwa anakaa nyumbani hana la kufanya. Sasa wamemtia kwenye timu. Akasema si kwamba hataki kuja. Pengine mara moja kwa mwezi. Pengine Idi. Akaniuliza kama nimekasirika.

Nikasema hata kidogo. Nikamuuliza klabu inatumia miwani ya aina gani. Akacheka kidogo, akasema lazima aende.

Imeniuma. Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuliandika. Nimekaa kitandani, karibu na zile ski, mpaka chai ikapoa. Nimepika chipsi za watu wawili, kwa mazoea, nimezila zote.

Kisha nikafikiri vizuri. Kosa liko wapi? Si kwangu. Ni zipu! Laiti ingekuwa ya kijani tangu kiwandani, shingo isingechafuka, mtoto asingeaibika mbele ya wenzake, na leo angekuwa njiani kuja kwangu. Nikampigia Pramila. Kanithibitishia: mwezi ujao mali yote ya mwaka huu inakuwa ya msimu uliopita. Zipu za kijani, nusu bei! Mwakani Miska atakwenda na kijani halisi, na Sultan atakosa la kusema. Nianze kuweka pesa sasa hivi, nisingoje Januari.

Nimemwandikia Njeri anipe Jumamosi zote mpaka Juni. Kajibu haraka, ajabu, na leo Jumapili. Kauliza, na msichana je? Nimemjibu hakuna tatizo tena, siku hizi Jumamosi niko huru.