Mkono Mkavu Nyumbani kwa Bwana Shamsuddin

Jumamosi, 9 Agosti

Likizo imeanza, na nimepata nyumba. Si yangu, lakini hilo ni jambo dogo. Bwana Shamsuddin, mfanyabiashara wa vinyago ninayemtolea mizigo bandarini Kurasini, amekwenda Karbala na familia yake kwa ziara ya Arbaini. Kaniomba nimlindie nyumba yake hapa Kinondoni. Sebule ya chini ameigeuza stoo: vinyago kutoka Mwenge, ukutani hadi dirishani, vinakaushwa kabla ya safari. Kinyago kikienda Ulaya na unyevu wa Dar hupasuka mezani kwa mteja. Afadhali kipasukie hapa. Kuna kiyoyozi, na kuna mashine inayonyonya unyevu hewani kutwa kucha. Sharti moja tu: nilale chumba cha uani, sebuleni niingie kumwaga maji ya mashine basi.

Nimehamishia godoro sebuleni. Zulia zito, baridi ya Lushoto. Isitoshe nimeshamwambia Felicitas kwamba hapa ndipo ninapoishi siku hizi, na Alhamisi anamleta shangazi yake.

Shangazi Eliaichi ndiye aliyemlea. Ametoka Moshi kuja kuamua nani amwoe: mimi au Praygod, mwenye duka la simu Sinza, anayeombea watu Jumapili kwa kuwawekea mikono. Felicitas kasema atafuata neno la shangazi. Nampenda. Naliandika hapa kwa sababu kumwambia mwenyewe huwa nashindwa.

Jumapili, 10 Agosti

Midomo imepasuka. Pua imekauka, na damu kidogo. Ngozi imepauka utadhani nimelala kwenye unga. Na hii ni Dar, mji ambao taulo halikauki! Nimegusa kitasa, nikapigwa shoti. Nondo za dirisha, shoti. Nikazima swichi kuu ya nyumba nzima, nikarudi kwenye kitasa. Shoti.

Halafu vinyago vinalia. Tak. Kimya. Tak, upande wa pili. Bibi mmoja wa mpingo, mwenye mikono mirefu, ana ufa kuanzia jichoni hadi kidevuni. Jana hakuwa nao. Nimemgeuza atazame ukuta.

Jumatatu, 11 Agosti

Bibi ananitazama tena. Nadhani mtikisiko wa mashine ndio unaomsogeza. Nadhani. Ndoo ya mashine ilikuwa pomoni, na mvua haijanyesha. Nilipokuwa nayamwaga maji nilijiuliza mangapi kati yake ni yangu.

Nimempigia Bwana Shamsuddin. Alicheka sana. Alisema hewa ikikauka, mtu akiburuta soksi kwenye zulia hujaa umeme, na humpasukia yeyote atakayemgusa. Dawa ni kushika chuma kwanza, tena kwa ufunguo, ndipo umeme unakutoka bila kuuma. Kisha akauliza inakuwaje naburuta soksi sebuleni ilhali nalala uani. Simu ikakatika. Niliikata mimi.

Basi akili ikafunguka. Alhamisi Praygod naye namwalika. Atavua viatu mlangoni, ataburuta soksi zake za nailoni, atampa Shangazi mkono. Mama wa watu anaogopa hata kiberiti! Mimi nitakuwa nimeshika chuma. Mkono wangu utakuwa salama kuliko wote mjini.

Jumatano, 13 Agosti

Felicitas alipita kuniletea mtori wa ndizi. Nilipopokea bakuli, cheche ikamruka kidoleni, akarudi nyuma hadi barazani. Nilimweleza habari ya hewa kavu. Alielewa upesi, ni mwalimu wa sayansi. Lakini hakuingia tena. Aliuliza nakaa na nani. Nikasema peke yangu. Akasema basi nimpe maji yule aliyesimama nyuma ya pazia, anaonekana ana kiu.

Nilifunua pazia. Ukuta. Nilipogeuka Felicitas alikuwa ameshafika getini.

Sijahama. Uani hakuna kiyoyozi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamekuja saa kumi. Viatu vyote mlangoni. Nilimtuma Praygod alete kiti, akirudishe, alete stuli, asogeze meza. Anasema sawa, braza, na kuburuta miguu. Nywele za mikono yake zilikuwa zimesimama. Mimi niligusa nondo za dirisha kwa ufunguo, nikatulia. Felicitas alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

Praygod akainama, shikamoo Shangazi, mikono miwili. Cheche ya buluu, nimeiona kwa macho yangu. Na papo hapo, nyuma yetu, vinyago vikapasuka, si kimoja, vyote, tak tak tak kuzunguka chumba kizima. Kisha kimya ambacho sijawahi kukisikia mjini hapa. Hata mashine ilinyamaza.

Nikasubiri ukelele. Shangazi akainua mkono wake wa kulia taratibu, juu, juu zaidi, hadi ukapita kichwa. Alisema bega hilo halijainuka tangu Krismasi. Machozi yakamtoka. Alisema ameombea watu na kuombewa miaka mingi, lakini hajawahi kuingia nyumba ambayo kuta zake zinaitika amina.

Ndipo akaninyooshea mimi. Nilimpa mkono wangu, safi, bila hata chembe ya umeme. Akaushika. Akaugeuza kiganja, akakisugua kwa kidole gumba. Akauachia polepole na kujipangusa kwenye kitenge chake.

“Gaspar, baba,” alisema, “huu mkono nimeshawahi kuushika. Siku tuliyomlaza marehemu kaka yangu.”

Ijumaa, 15 Agosti

Ni Praygod. Felicitas kaniandikia ujumbe. Anasema jana alitaka kumweleza Shangazi kwamba ile ni hewa kavu tu, si upako, maana moyo wake ulikuwa kwangu. Halafu akakumbuka nilivyokuwa namburuza mwenzangu huku na huku, akaona bora anyamaze. Nimelia. Machozi yalikauka kabla hayajafika shavuni.

Jumamosi, 16 Agosti

Umeme umekatika mtaa mzima tangu jana jioni. Kiyoyozi kimya, mashine kimya. Nimefungua madirisha yote, unyevu umeingia, shati linanata mgongoni. Shangazi ameshaondoka na basi la asubuhi. Posa italetwa Moshi mwezi wa kumi.

Mchana nilikuwa nakunja godoro, niwahi kulirudisha uani kabla mwenye nyumba hajatua. Kitu kikanishika mkono. Kikavu, vidole virefu, na shoti ambayo ilinifikia kwenye meno. Sikuona mtu.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nimekaa nikafikiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikwenda na mkono mtupu mbele ya mama anayetaka cheche. Na hapa ninayo cheche isiyohitaji zulia, wala soksi, wala mashine. Inaweza kusafiri! Nikaiuliza kwa heshima kama imewahi kufika Moshi.

Haikujibu. Ila haijaniachia. Nimeshapiga simu stendi kuulizia siti mbili za dirishani. Naandika kwa mkono wa kushoto.