Nguru wa Kamere

Jumatatu, 22 Julai
Tumerudi Naivasha kutoka fungate! Kilifi ni paradiso. Kibii wangu hakuniachilia mkono hata tukila.
Tatizo ni dada yake, Jerotich wa Milimani. Ana picha ya mumewe na nguru, samaki wa baharini, aliyemvua kwenye fungate yao, urefu wa mtoto wa nasari. Baba mkwe humsifu huyo mkwe kila tukikutana. Kibii, mwanawe wa kumzaa, humwita "huyu mpole". Inaniuma!
Leo Jerotich amepiga simu, akauliza kama mdogo wake alithubutu hata kulowa miguu. Nikajibu kwamba amevua nguru mkubwa, na Jumapili tutakuja naye.
Ukweli: Julai bahari imechafuka, boti hazivuki mwamba. Kibii alivua samaki wawili wadogo, changu, kwa mshipi, maji yakiwa magotini. Alipendeza!

Jumatano, 24 Julai
Kamere, ufuoni mwa Ziwa Naivasha. Nimenunua samaki mkubwa kuliko wote waliotoka ziwani. Wanjugu, muuzaji, akauliza wa nini mkubwa hivyo. Nikasema mapenzi. Akasema basi huyo bwana ale ashibe.
Nimemkata vipande, kichwa nimempa paka wa jirani. Lakini wa ziwani hana ladha ya bahari. Nimemlaza kwenye ndoo ya maji na chumvi nyingi.

Ijumaa, 26 Julai
Kibii ameuliza kuhusu ndoo. Nimesema ni siri ya bibi harusi. Akanibusu kwenye paji la uso. Jamani!
Nimeongeza chumvi.

Jumapili, 28 Julai
Milimani. Mzee, baba mkwe, alitafuna mara moja, akaomba maji. Jerotich naye akaomba maji. Nikawaeleza kwamba wamezoea samaki wa ziwani, bahari ndiyo hiyo.
Jerotich alikuwa na mgeni, Khaemba, nahodha wa boti ya uvuvi kule Watamu. Akaniuliza kwa heshima, dada, huyu alivuliwa lini? Nikasema mwezi huu. Akasema mwezi huu boti yake iko nchi kavu inapakwa rangi. Tena chumvi ya bahari haiingii kwenye nyama ya samaki. Ingekuwa hivyo, Pwani nzima ingekufa presha.
Jerotich alicheka mpaka akashika meza.
Kibii akasimama. Akasema alivua changu wawili, karibu na ufuo, akawakaanga mwenyewe na kunilisha. Mzee akamtazama sana. Akasema angalau mmoja wao anasema kweli, akamsogezea kiti kando yake.
Nililia kwa furaha. Na kwa chumvi.

Jumatatu, 29 Julai
Kibii ameniomba nisidanganye tena. Nimeapa, kichwa kifuani pake. Ana kifua kizuri!
Mchana Jerotich ametuma ujumbe wa kunicheka. Nikamjibu kwamba Desemba, boti zikianza kwenda mbali, Khaemba atamchukua Kibii awe msaidizi wake.
Khaemba hajui. Kibii hajui. Kuogelea pia hajui, lakini Desemba bado iko mbali.