Kilomita 412, Peke Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeapa! Tarehe 15 mjukuu wangu wa kwanza anatimiza mwezi, nami nitafika kumpakata kwa baiskeli, peke yangu. Kilomita 412. Nimetangaza kwenye simu, mkwe mwenzangu, baba mkwe wa binti yangu, akisikia. Yeye anakaa mtaa wa pili kutoka kwa mtoto, anambeba kila siku, kisha ananipigia kunieleza jinsi anavyomchekea. Mtoto wa siku kumi na sita! Anacheka nini? Gesi tu ile.

412 gawanya kwa siku sita: 68.7. Hesabu sikufundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe kwenye mzani wa malori, miaka 22. Nani wa kuniambia habari za mzigo?

Jumanne, 4 Machi

Nimepandisha baiskeli na mizigo yote kwenye mzani kazini: hema, maji, sufuria, spana. Tatizo, mzani wetu unasoma kwa hatua za kilo ishirini. Ukasema 60. Nikatoa sufuria: 40. Nikairudisha: 40. Dereva wa lori nyuma yangu akapiga honi, akauliza huyu mzee ana ekseli ngapi. Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Nimepima upya nyumbani, kimoja kimoja. Mizigo kilo 31 kamili.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi yanataka uzito. Mfuko wa mchanga umepasukia mbele ya zahanati. Mfagizi akanifuata mitaa miwili na ufagio wake, anauliza kwetu nililelewa na nani.

Ndipo akili ikanijia. Bibi yangu, mama watoto, ana kilo 62. Mara mbili ya 31! Anayebeba mbili atashindwaje na moja? Nikamwomba apande kwenye keria. Hakubisha. Alivaa gauni la kutokea.

Jumamosi, 8 Machi

Kilomita 38 za mazoezi ya upweke, mimi na bibi yangu. Njia nzima anasema: shimo kushoto, lori nyuma, punguza, yule ni mwalimu, msalimie. Viraka vya pancha na gundi vinakaa mkobani mwake, maana mikono yake haina kazi. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mzigo, na mzigo hausemi. Akajibu kwamba mzigo una kiu, unataka soda. Tukanywa soda.

Fundi baiskeli akauliza, safari ya mtu mmoja mbona mazoezi mko wawili? Hana hesabu yule.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baiskeli nyepesi, inayumba kama mlevi. Kwenye njia panda nikasimama, nasubiri. Dakika nne! Hakuna aliyesema kitu. Nikaenda kulia. Kumbe kushoto.

Kilomita ya 11, shimo ambalo halikutangazwa. Pancha! Viraka? Mkobani. Mkoba? Nyumbani.

Nikakaa juu ya jiwe nikimwaza yule mtoto, na mkwe mwenzangu akimwambia babu yako mwingine yuko njiani, yuko njiani, mpaka aote meno. Macho yakalowa. Vumbi. Nikampigia bibi yangu. Akapokea kabla simu haijaita mara mbili. Akasema, pole baba, rudi taratibu, tiketi mbili za basi la kesho nilishakata tangu Jumatano.

Jumatano! Kabla hata ya mfuko wa mchanga! Nimeumia sana. Nimerudi.

Jumatano, 12 Machi

Tulifika jana, baiskeli juu ya basi. Mkwe mwenzangu alitupokea mlangoni, akauliza kama basi nimelipigia pedeli mwenyewe. Nilikuwa na jibu kali. Lakini binti yangu akaniwekea mtoto mikononi, mtoto akanikamata kidole, na jibu likapotea. Nikakadiria kilo 4.6. Mzani wa jikoni ukasema 4.6. Mkwe mwenzangu alikuwa amesema tano! Kila siku anambeba, hajui kilo zake.

Leo mtoto amelala kifuani kwangu, nami nimeandika hesabu kwa mkono mmoja. Kosa nimeliona. Kilo 31 zilikuwa chache, ndiyo maana baiskeli iliyumba. Kurudi ni kilomita 412 zilezile, kwa baiskeli, peke yangu, na mzigo wa kilo 62.

Mzigo nimeshauambia ulale mapema.