Maji ya Samaki na Mama wa Bwana Arusi

Leo sina uso. Nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya paka wa mtaa mzima. Nyinyi wa kundi letu la bustani kwenye simu, mliosikia sauti yangu ikikatika ghafla, kisha ukafuata ukelele, tulieni. Nitawaeleza taratibu, kama kawaida yangu.

Kaskazi ya mwaka huu mnaiona. Hapa kisiwani Amu jua linakuchoma hata ukiwa kivulini. Bustani yangu iko juu darini, kwenye vyungu na madebe, na kisima kimeanza kutoa maji ya chumvi. Mawaridi yamekunja majani. Mrehani umelala kabisa. Lakini roho yangu iko kwenye asumini, maana wiki ijayo tunamuoza Salma, binti wa dada yangu, na nimeapa mbele ya watu kwamba vikuba vyake, vile vishada vya kunukia vya bibi arusi, vitatungwa kwa maua ya mama yake mdogo. (Nani alinituma kuapa? Hakuna.)

Bi Nuru, mama wa bwana arusi, hakusadiki. "Kwa jua hili, Bi Rukia? Tuagize Mombasa mapema, tusije tukamtoa bibi arusi hana hata ua." Akasema leo alasiri atakuja aone kwa macho yake. Maua yakimridhisha, sawa. Yasipomridhisha, anapiga simu Mombasa.

Sasa, dawa ya asumini iliyochoka nimewafundisha mwenyewe: maji ya kuoshea samaki. Shemeji yangu hutuletea samaki kutoka Kizingitini, nami maji yale siyamwagi. Nayatia ndooni, nafunika, nayaacha yaive juani, na wiki mbili sasa naimwagia asumini kidogo kidogo. (Harufu yake tusiizungumze. Mume wangu siku hizi kahawa anakunywa barazani kwa watu.)

Nikasali alasiri, nikapanda darini. Nikafungua ndoo. Nikageuza uso, nikavuta pumzi, nikaona hii ni nafasi nzuri ya kuwafundisha. Nikashika simu mkono mmoja, nikaanza kurekodi:

"Wapenzi wangu, udongo uliokauka sana haunywi maji. Ukiyamimina yote kwa pamoja yanateleza juu juu na kukimbia. Mwaga kidogo, ungoje, umwage tena. Msiwe na pupa..."

Hapo nikasikia Salma ananiita kutoka chini: "Mama mdogo! Bi Nuru amefika kwenye kona!"

Pupa ikanishika! Nikainua ndoo, simu bado inarekodi, nikaimimina yote. Yote!

Basi yale maji yakafanya kama nilivyowafundisha. Hayakunywewa hata tone. Yakateleza, yakavuka vyungu, yakakusanyika sakafuni, yakaelekea moja kwa moja kwenye mlizamu, ule mdomo wa kutolea maji ya mvua unaochungulia kichochoroni. Na mnajua vichochoro vyetu: anayepita hana pa kukwepea.

Nikasikia: chwaaa!

Kisha: "Yallah! Mai gani haya?"

Nikachungulia. Bi Nuru amesimama chini ya mlizamu, buibui jipya limemganda mwilini, mikono ameitandaza kama anayeanikwa. Nikataka kusema samahani. Nikasema, "Karibu, Bi Nuru!" (Ndiyo. Nilimkaribisha.)

Paka wa kwanza akatoka chini ya daka letu la mlangoni. Akanusa. Akalia kidogo, kwa adabu. Wa pili akaja kutoka kwa jirani. Kisha wakaja wa upande wa sokoni, wa upande wa msikitini, mikia juu, shingo ndefu, kama waliotumiwa kadi za mwaliko. Bi Nuru akapiga hatua, nao wakapiga hatua. Akasimama, wakasimama. Jirani akafungua dirisha, akauliza, "Bi Nuru, harusi si wiki ijayo? Mbona unasindikizwa leo?"

Nikashuka ngazi sijui vipi. Tukamwingiza ndani, mlango tukaufunga kwa bega, maana paka walikuwa wanasukuma. Bi Nuru akaoga, akaoga tena. Salma akamfukiza udi kuanzia nywele hadi nyayo. Nikampa dera langu la Idi. Nami nikaona kabisa asumini yangu imeshashindwa na ya Mombasa.

Mwisho akasema, "Nimekuja kuona maua. Niyaone."

Tukapanda. Jua lilikuwa limepoa kidogo. Asumini, masikini, imejaa matumba meupe hadi kwenye ncha, haina habari na aibu yangu. Bi Nuru akachuma tumba moja, akalinusa, akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Akacheka hadi akakaa juu ya debe.

"Simu ya Mombasa sipigi," akasema. "Vikuba vitatoka hapa. Lakini hadi siku ya harusi, wa kumwagilia maji ni Salma."

Nimekubali. Asumini imepona, Salma ana vikuba vyake, mimi sina heshima.

Kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole. Bi Nuru ameomba kuingia kundini, nimeshamtia, na sasa hivi ameuliza swali lake la kwanza: "Bi Rukia, yalikuwa maji ya samaki gani? Nimefika nyumbani, na paka wangu mwenyewe amekataa kunitoka mapajani."