Mdhamini wa Opera wa Rosettenville

Jumatatu, 1 Juni

Mama amefika. Baridi ya Joburg ilimpokea uwanja wa ndege, akavaa masweta mawili juu ya baibui na kuuliza watu wa huku walikosa nini. Nilicheka. Kicheko kiliishia kwenye teksi. Mjomba Abdulrahman ndiye aliyemlipia tiketi ya ndege, na amemtuma kazi moja: aje aone maisha yangu kwa macho yake. Yakimridhisha, nabaki. Yasipomridhisha, Jumanne ijayo tunaondoka wote, nikasimame dukani kwa Mjomba pale Tanga, niuze misumari na saruji mpaka nizeeke.

Mimi na misumari! Nina meza yangu ya kava na chaja za simu Marshalltown. Nina chumba changu cha uani Rosettenville, na hakuna anayeniuliza nimerudi saa ngapi. Siondoki.

Tatizo, Mama haoni meza kuwa maisha. Nilimwonyesha picha yake kwenye simu, akasema anayo kubwa kuliko hiyo ya kukatia vitunguu. Nikajisikia namwambia meza ni ya kupotezea muda tu, kazi yangu hasa ni udhamini wa sanaa. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mama alihesabu mabango ya barabarani mpaka nyumbani. Dalili njema.

Jumatano, 3 Juni

Mussa ameniharibia. Huyu ni Mzanzibari anayeuza mablanketi jirani na meza yangu. Leo kaja kumsalimia Mama, kamletea blanketi la zawadi, kainama mpaka karibu aanguke. Kisha akasimulia alivyompeleka mama yake Randburg kwenye maduka ya ghorofa, wakapanda ngazi za umeme, wakala aiskrimu. Na picha anayo. Mama aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha yangu yoyote.

Akauliza hiyo sanaa ninayoidhamini ataiona lini. Mussa akauliza sanaa gani, huku meno yote nje. Nikajibu opera. Jumamosi.

Sasa natafuta opera.

Alhamisi, 4 Juni

Nimepata! Gaël, fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, mteja wangu. Ana sauti nene ya kwaya ya kanisani, na msimu huu wamemchukua kwenye kundi linaloimba nyuma ya wakubwa, kwenye ukumbi wa Braamfontein. Amepewa tiketi mbili za jamaa zake. Nimebadilishana naye kwa kava inayometameta, ya mke wake Hélène. Nimemwomba na jambo moja dogo: mbele ya Mama aniite patron, yaani bosi kwa Kifaransa. Alinitazama, akakubali kwa lugha zake zote, "Sharp, grand. Mbele ya maman, patron."

Ijumaa, 5 Juni

Nimemfundisha Mama adabu za opera. Asile karanga. Asipokee simu. Asipige vigelegele. Asimjibu mwimbaji. Akauliza kupumua kunaruhusiwa. Kisha akaniambia yeye alianza kwenda kwenye taarab kabla mimi sijazaliwa, na hahitaji kufundishwa kukaa mbele ya mwimbaji. Hapo nikatulia.

Jumapili, 7 Juni

Jana sikuandika. Tulirudi usiku mno.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa. Mama akauliza kwa nini mdhamini anakalishwa darini. Nikamwambia mdhamini hukaa juu ili aone kila alichokidhamini. Akaguna.

Waliimba Kiitaliano. Mimi sikuelewa kitu, Mama alielewa kila kitu. Alininong'oneza kwamba wa gauni jekundu ni mke mkubwa, wa kijani ni mke mwenza, na mwanamume hafai. Juu ya jukwaa kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nikayasoma, nikamwambia hawa ni malkia na dada yake, wanagombea kiti cha enzi. Mama akasema aliyeandika kakosea.

Halafu yule wa gauni jekundu akabaki peke yake, akaimba. Hata mimi nywele zilisimama. Mama alikuwa analia. Akafungua pochi, nikadhani anatafuta leso. Akatoa noti yenye chui, randi mia mbili nzima. Akainuka, akainyoosha noti juu ya kichwa, akaanza kushuka ngazi taratibu, mabega yakifuata fidla. Alikuwa anakwenda kutunza! Kama kwenye ukumbi wowote wa harusi Tanga, ambako mwimbaji akikugusa moyo usipomtunza anajua umemdharau. Nilimwonya kuhusu karanga. Hili halikunijia kabisa, maana nani hajui kwamba mwimbaji hutunzwa?

Nilifanya anachofanya mdhamini. Niliteremka chini ya kiti.

Nikachungulia. Mama kafika mbele, kumbe kati yake na jukwaa kuna shimo la wapiga ala. Mhudumu wa ukumbi anamjia mbio za kunyata. Mama hakubabaika. Aliinama, akampa noti mzee wa fidla kubwa, akamwashiria aipeleke juu. Mzee akaipokea, akaiweka penye karatasi zake za muziki. Wimbo ukaisha. Yule mwanamke akamtazama Mama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mhudumu, badala ya kumtoa, akamkalisha kiti kilichokuwa wazi safu ya mbele. Hakuna aliyetufukuza. Nilimshukuru Mungu nikiwa bado chini ya kiti.

Ilipokwisha nikamkuta Mama chini, kazungukwa. Gaël akaja na rangi zake usoni, akanipita, akampa Mama mikono miwili. "Bonsoir, patron," akamwambia. Mwimbaji naye akaja, akamkumbatia, akamshukuru kwa Kizulu, ngiyabonga, Mama akajibu asante kushukuru. Mimi niliombwa nisogee, nilikuwa naharibu picha.

Kwenye teksi nilingoja hukumu. Mama alisema alijua tangu Jumatatu kwamba sidhamini hata paka. Nikaona misumari. Lakini, akaendelea, ameifikiria biashara ya kaka yake. Kwa mdomo huu wangu, mteja atakuja kununua kitasa na kutoka akiamini kanunua ghorofa. Mjomba ana presha. Basi nibaki huku huku.

Kisha akasema kwamba tangu Baba afariki hakuna aliyempeleka popote kukaa na kusikiliza muziki. Uongo wangu ni uongo, lakini nimempeleka. Alilitandaza lile blanketi la Mussa, alilolibeba kwa ajili ya baridi, juu ya magoti yetu wote wawili. Nilifarijika mpaka nikashindwa kusema, jambo ambalo Mama alisema halijawahi kutokea.

Jumanne, 9 Juni

Mama ameondoka. Uwanjani alilia kidogo, mimi nililia sana. Chumba kikubwa ghafla. Lakini nipo! Sina duka, sina misumari, nina Joburg yangu. Nimetafakari kwa kina na kuona kwamba ushindi huu umetokana na mipango.

Jioni Mjomba akapiga. Ameiona picha ya Mama na mwimbaji, na Tanga nzima imeiona. Akauliza, kwa sauti ya heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama kweli mimi nina nafasi pale. Nikamwambia nafasi ni neno dogo, Mjomba, ukumbi wenyewe tuko kwenye mazungumzo ya kuununua. Kisha akasema, kama ni hivyo, atakuja mwenyewe mwezi wa nane na lori la saruji ya ukarabati.

Nikamwambia alete mawili.